Keki ya Saba

Kila asubuhi, kabla hajamsalimu mtu, mume wangu Gethin hufungua pazia na kutafuta mlima. Akiuona, anavaa viatu vya kazi. Asipouona, anarudi kitandani na kumwambia binti yetu Lowri kwamba leo wote wawili wameajiriwa na blanketi. Gethin ni fundi wa paa. Mvua ikinyesha, vigae vya mawe vinateleza na hakuna anayepanda. Hapa bondeni kwetu, Wales ya kusini, mlima hujificha siku nyingi.

Nyumba yetu iko katikati ya safu ya nyumba zilizoshikana, yenye mlango wa bluu. Tuliinunua nikiwa na mimba ya Lowri. Benki ilitukopesha pauni elfu tisini, tulipe kwa miaka thelathini na mitano. Gethin alikuwa na miaka thelathini na minne. Jumlisha mwenyewe. Angemaliza kulipa akiwa na miaka sitini na tisa, na fundi wa paa asiyepanda paa halipwi.

Baba yake alifanya kazi hiyo hiyo. Magoti yake yalikataa kabla hajafika sitini. Sasa Lowri akitaka kubebwa na babu yake, lazima babu aketi kwanza, kisha tumwekee mtoto mapajani. Gethin naye alikuwa ameanza kushuka ngazi kwa kutanguliza mguu uleule kila mara. Mimi nilimwona. Sikuomba nyumba kubwa wala gari. Niliomba mume wangu aondoke kwenye mapaa wakati bado anaweza kupiga magoti.

Mama mkwe wangu, Mama Bronwen, ameishi maisha yake yote katika nyumba ya kupanga ya halmashauri. Fahari yake ni moja: kodi yake iko mbele kwa mwezi mzima. Wakusanya kodi wakija kugonga mlango, husema, wanakuta amewatangulia. Gethin alikulia katika desturi hiyo, akaja nayo kwenye nyumba yetu. Miezi ya jua, alikuwa akiiongezea benki pauni thelathini, au hamsini, juu ya rejesho letu la kila mwezi. Mama yake alikuwa amemwambia kwamba hiyo ni miezi aliyokwisha kuinunua. Mwezi mbaya ukija, unakaa kimya tu.

Mwezi mbaya ulikuja Februari. Wiki baada ya wiki mlima haukuonekana. Gethin akasimamisha rejesho la mwezi huo, akalala usingizi mzuri kabisa.

Kisha simu ikalia. Alikuwa mama mmoja wa benki, mwenye sauti ya adabu. Alisema rejesho la Februari halijafika. Gethin alimjibu kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni aliyepotea njia, kwamba sisi tuko mbele. Yule mama akamweleza kwamba kwenye mkopo huu hakuna kuwa mbele. Zile pesa za ziada zilikuwa zimeingia kwenye deni, na rejesho la Februari linadaiwa lote.

Gethin aliweka simu mezani taratibu.

"Nerys," akaniambia, "zimeliwa."

Mama Bronwen alikuwepo siku hiyo. Alisema mengi, na karibu yote aliyasema kwa sauti kubwa. "Mtu hajakudai, wewe unamkimbilia na pesa mkononi. Nilikulea hivyo mimi?" Hakuna aliyemkumbusha kwamba ndivyo alivyomlea. Alikuwa ameshika birika la chai ya moto.

Gethin akaapa kwamba benki haitaona tena hata peni moja ya ziada. Hapo moyo wangu ulizama. Wakati huo nilikuwa nasoma hesabu kwenye masomo ya jioni, na tulikuwa tumefika kwenye asilimia. Sikujua mkopo unavyokwenda. Lakini nilijua kwamba tukilipa kile tunachodaiwa tu, Gethin atapanda ngazi hadi sitini na tisa.

Kesho yake jirani yetu, Bi Eirlys, aligonga mlango akiwa na sahani ya keki za zabibu, zile ndogo bapa za kuoka juu ya chuma. Kabla ya kustaafu, Bi Eirlys alikaa miaka mingi kwenye dawati la mikopo ya nyumba katika benki moja ya mjini. Upepo wa Januari ulikuwa umeng'oa vigae vyake, Gethin akavirudisha, akakataa kulipwa.

"Nimesikia yaliyowapata," alisema akivua koti. "Msidhani nasikiliza ukutani. Mama yako haongei, Gethin. Anatangaza. Sasa kaa chini, leo nalipa vigae vyangu."

Alipanga keki sita mezani kwa mstari.

"Hili ni rejesho lenu la mwezi. Pauni mia nne hamsini na kitu, sivyo? Hizi keki zinakwenda wapi?"

"Kwenye nyumba," Gethin akajibu.

Bi Eirlys alizisogeza keki tano upande wake. Akabakiza moja.

"Hizi tano ni riba. Ni ujira wa benki kwa kuwangoja. Hii moja tu ndiyo inayopunguza deni."

Gethin alizitazama zile tano kwa muda. "Tano," akasema. "Na mimi nipo juu ya paa."

"Miaka ya mwanzo ndivyo ilivyo kwa kila mtu, kwa sababu deni bado ni kubwa, na riba hupigwa juu ya deni lililobaki. Sasa tazama." Alichukua keki nyingine kwenye sahani, akaiweka kando ya ile iliyobaki peke yake. "Hii ya saba ni zile pesa zako za ziada. Benki haichukui riba humu. Yote inaingia kwenye deni. Deni likipungua, mwezi ujao riba inapungua kidogo, na sehemu yako inakua kidogo. Hazikuliwa, kijana. Zilifanya kazi ambayo hukuzituma."

Nikamwuliza kama pauni sitini kwa mwezi zingeleta tofauti. Tulizipigia hesabu pamoja, mimi na yeye, na kwa mara ya kwanza asilimia zangu za jioni zilikuwa na sura ya mtu. Tulipata kwamba deni lingeisha miaka minane mapema. Nikarudia upya kwa sababu sikuamini. Ikawa minane tena.

Lowri alikuwa amekwisha kula riba mbili.

Bi Eirlys hakutuacha tukimbie. Alituuliza kwanza kama tuna deni lingine. Gethin akaitazama televisheni. Tuliikopa dukani, na tulikuwa tukiilipia pauni sitini kila mwezi. Bi Eirlys alisema mkopo wa aina ile una riba kali kuliko wa nyumba, kwa hiyo huo ndio wa kumaliza mwanzo. Baada ya hapo tuweke akiba ya mvua, mahali ambapo tunaweza kuitoa siku hiyohiyo. Pesa ukishaitia ndani ya nyumba, alisema, huwezi kung'oa tofali ukanunulie mkate. Na siku tukiona hatutaweza kulipa, tuipigie benki kabla ya tarehe, sio kukaa kimya.

"Mkifika kwenye nyumba yenyewe, ulizeni mambo mawili," akamalizia. "Mnaruhusiwa kuongeza kiasi gani kwa mwaka bila faini? Mikataba mingi inaruhusu sehemu moja ya kumi ya deni, lakini msinisikilize mimi, wasikilizeni wao. La pili, waambieni wazi kwamba mnataka kupunguza miaka. Msiposema, baadhi ya benki zitawapunguzia rejesho, mtafurahi, mtanunua televisheni nyingine, na miaka itabaki palepale."

Rejesho la Februari tulililipa mwezi uliofuata, pamoja na faini kidogo. Televisheni tuliimaliza majira ya joto. Kisha tukafanya jambo ambalo Gethin bado analicheka: tuliendelea kuilipia. Zile pauni sitini zilikwisha kuzoea kutoka, kwa hiyo hatukuzirudisha mfukoni. Kwanza zilikwenda kwenye akiba ya mvua hadi ikatosha marejesho ya miezi miwili. Baada ya hapo nikapiga simu benki, nikauliza yale mawili, na tangu hapo zinaingia kwenye nyumba kila mwezi, siku moja baada ya rejesho lenyewe, kabla hatujazionea tamaa.

Mama Bronwen alipopata habari aliuliza kama tumerogwa. Nilimpangia keki mezani, kama nilivyofundishwa. Alizihesabu moja moja kwa kidole. Kisha akauliza kwa nini hakuna aliyemwonyesha hivyo zamani. Nilimmiminia chai.

Februari nyingine imepita, na mlima ulijificha vilevile. Safari hii tulichota kwenye akiba ya mvua. Rejesho lilitoka siku yake, na Gethin na Lowri waliajiriwa na blanketi bila wasiwasi.

Wiki jana niliipigia benki kuuliza tumefika wapi. Kijana wa upande wa pili alisema tukiendelea hivi hivi, na riba isipobadilika sana, tutamaliza miaka minane mapema. Nilimwuliza mara mbili, na mara zote mbili alijibu kwa subira. Nilimshukuru, nikamshukuru Mungu, nikapita mlango wa pili kumshukuru Bi Eirlys. Mume wangu alikuwa amenitangulia huko. Alikuwa juu ya ngazi, akizibua mifereji ya paa lake. Husafisha kila vuli, na kila vuli wanagombana kuhusu malipo.

Nilimwambia kutoka chini. Hakuuliza ni pauni ngapi.

"Nitakuwa na miaka mingapi?"

"Sitini na mmoja."

Alitoa mkono kwenye majani yaliyooza, akaufuta kwenye suruali. Halafu alishuka, akitanguliza mguu uleule. Lowri alikuwa amesimama njiani, kamba za kiatu zimefunguka. Gethin akapiga goti moja kwenye mawe yenye maji, akazifunga polepole, kwa mafundo mawili.

"Huu mwingine nao," Lowri akasema, akamnyooshea mguu ambao kamba zake zilikuwa zimefungwa vizuri.

Gethin alizifungua, akazifunga upya.