Kifaa Kinahitaji Kiti

Ukisoma kompyuta chuoni, ukoo mzima unajipatia fundi wa bure. Jioni hiyo Wakili, jina la utani alilopewa kwa kubishana hata na redio, alikuwa akinoa hoja za fainali ya mdahalo ya kesho yake. Simu ikaita. Mama Mkubwa.

"Mwanangu, kompyuta ya dukani imekuwa bubu. Njoo mara moja."

"Mama Mkubwa, kesho nina fainali."

"Kwani inachezwa kwa miguu? Mdomo si unao? Njoo."

Akaenda huku anasonya, giza linaanza kuingia.

Duka lilikuwa chumba kimoja. Humo Mama Mkubwa alitengeneza matangazo yanayopigwa mitaani kwa spika za magari: magodoro, mafuta ya nywele, dawa ya panya. Sauti ilikuwa ya bintiye, Kasuku. Sauti tamu hiyo! Watu walitoka nje na sabuni usoni kuisikiliza.

Kasuku mwenyewe alikuwa hajatamka neno mwaka mzima. Koo, alisema Mama Mkubwa. Lakini matangazo mapya hayakukoma, na sauti ilikuwa ile ile. Ukoo mzima ulisikia, ukanyamaza. Hata Wakili, mwenye swali kwa kila jambo, hilo hakuliuliza.

Kasuku alimfungulia mlango, akitabasamu. Akakipangusa kiti kwa kiganja.

Ndani kulinuka nywele zilizoungua.

"Kaa, mwanangu," Mama Mkubwa alinong'ona. "Hapo hapo."

Spika zilikwaruza. *Magodo... magodo...* Sauti ya Kasuku, imechakaa kama kitambaa cha jikoni.

Wakili akafungua orodha ya vifaa. Kila kifaa kilikuwa na dereva wake, ile programu ndogo inayokiwezesha kuelewana na kompyuta. Kimoja tu, chini kabisa, kilikuwa na alama ya njano. *Kifaa kisichojulikana.*

"Dereva amepitwa na wakati. Dakika mbili tu."

Akabonyeza *Sasisha*. Mstari wa kijani ukaanza kujaa. Ndipo akauona waya wa intaneti, umelala sakafuni. Haukuwa umechomekwa popote.

*Dereva amepatikana. Kifaa kinahitaji kiti.*

"Kiti?" Wakili alicheka. "Aliyetafsiri hii alikuwa amelewa. Atakuwa na maana ya tundu la waya."

"Kubali," Mama Mkubwa alisema. Alikuwa karibu mno, pumzi yake sikioni.

"Ngoja nisome masharti..."

"Wasomi nyie! Nani husoma hayo? Kubali."

Kweli. Nani husoma?

Akakubali.

Ubaridi ulimwingia kisogoni. Ukatambaa. Ukafika kooni, ukajiweka sawa, taratibu, kama mgeni anayejua hataondoka leo.

Hapo ndipo neno lilipomfungukia. Mtu anayepandwa na pepo, watu humwitaje?

Kiti.

Akajaribu kuinuka. Mikono miwili ikamkandamiza mabega. Mikono ya Kasuku.

*Dereva wa zamani ameondolewa.*

Nyuma yake mtu akakohoa.

"Mimi ndiye niliyemwandikia Mama," Kasuku alisema, kwa sauti yake mwenyewe, nzito kwa kukaa bure. "Nikamwambia, Wakili anaongea kuliko mimi. Atadumu."

Wakili alifumbua kinywa apige ukelele.

Ukelele ukatokea kwenye spika.

"Punguza kidogo," Mama Mkubwa alimwambia bintiye. "Majirani."

Kisha akampapasa Wakili kichwani kama mtoto mgonjwa. "Usinichukie, mwanangu. Mashine niliinunua kuukuu, huyo pepo nikamkuta humo. Sijui ni nani. Najua tu akikaa kimya, ananigeukia mimi."

Kesho yake Wakili alipanda jukwaani hivyo hivyo, kwa ubishi. Ukumbi ulijaa. Akashika kipaza sauti, akafumbua kinywa.

Hewa tu.

"Mtoa hoja," jaji alisema, "muda wako unakwenda."

Akajaribu tena. Mishipa ya shingo ilimsimama. Mtu akaguna. Mwingine akapiga mluzi.

Nje, gari la matangazo likapita polepole.

"Dawa ya panya! Mwekee jioni, asubuhi humsikii!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Wenzake wa timu hawakucheka. Mmoja alimtazama Wakili, akatazama dirishani, akamtazama tena.

Na huko nje sauti ya Wakili nayo ikacheka. Ilicheka kwa raha, bila haraka, kicheko ambacho Wakili mwenyewe hakuwahi kukicheka.