Dawa Aliyoitema Limi

Kila siku kengele ya kutoka shule ikilia, Limi alikuwa wa kwanza getini. Hakupitia nyumbani. Alishuka moja kwa moja mwaloni Nkome, wavuvi wanapopakulia samaki, akiruka dagaa walioanikwa, hadi penye kayaki za klabu yao ya michezo ya majini. Kayaki ni mtumbwi mdogo wa plastiki wa mtu mmoja. Unapiga kasia hadi mbali, unasubiri wimbi, likija unalipanda na kuteleza nalo hadi ufukweni, na waamuzi wanatoa alama. Limi alikuwa na miaka kumi na mitatu, na mchezo huo ulikuwa umemteka. Hata darasani, upepo ukivuma tu, mawazo yake yalikuwa ziwani.

Basi, wiki ya kuchagua timu ya mashindano ya kanda, dawa ya kichocho, ugonjwa wa minyoo wa majini, ikaletwa shuleni. Watoto walikunywa uji kwanza, kisha wakasimama mmoja mmoja kwenye ubao wa kupimia urefu, maana mrefu humeza vidonge vingi zaidi. Limi akakunja magoti.

"Nyoosha miguu, twiga wewe!" alisema mwalimu wa afya, na darasa zima likaangua kicheko.

Limi alijua dawa hiyo huleta kizunguzungu, na timu ingechaguliwa kesho yake. Akavificha vidonge shavuni, akaenda kuvitema nyuma ya choo. Rafiki yake Kudra alimwona.

"Limi! Umetema dawa?"

"Shii! Nitakosa timu. Tafadhali usiseme."

Kudra hakusema. Kesho yake Limi alichaguliwa. Kudra, aliyemeza dawa na bado alikuwa na kichefuchefu, akawekwa akiba.

Jamani, furaha ile haikudumu. Tumbo lilianza kumsokota Limi. Akaona damu chooni, akanyamaza. Kila alipotaka kumwambia mama yake, aliwaza mashindano, akaahirisha.

Siku moja mazoezini wimbi lilimpindua. Jaketi okozi lilimweka juu ya maji, lakini hakuwa na nguvu hata ya kuishika kayaki yake. Kudra alipiga kasia mbio kumfuata.

"Shika hapa, usiachie!" alipiga kelele, akamvuta hadi nchi kavu.

Kocha wao, Mwalimu Deusdedit, alikuwa ameingia majini hadi kiunoni kuwapokea. "Unaumwa nini, mwanangu? Niambie ukweli."

Limi akaangua kilio, akasema yote.

Mama yake alimkimbiza zahanati. "Mayu wane, mama yangu! Mtoto anatoka damu, na mimi nipo tu naanika dagaa!" alilalamika njia nzima. Kipimo kilionyesha kichocho. Muuguzi Generosa akampa dawa na kusimama mbele yake.

"Meza. Fungua mdomo. Inua ulimi. Haya, vizuri. Anayeingia ziwani kila siku ndiye anayeihitaji zaidi dawa hii. Sasa pumzika. Majini hurudi mpaka nikuruhusu."

Siku ya mashindano ilipofika, Limi alisimama ufukweni na viatu vyake vikavu. Kudra alikuwa majini katika nafasi yake. Kila wimbi lilipoinuka, mabega ya Limi yalicheza yenyewe. Alilitamani ziwa mpaka kifua kikamuuma. Alimwonea Kudra wivu, kisha akajionea aibu kwa wivu huo.

Kudra akaanza kulikimbilia wimbi dogo. Limi hakuweza kujizuia.

"Acha hilo, Kudra! Linakuja kubwa nyuma!"

Kudra akasubiri, akalipanda lile kubwa, akateleza nalo hadi mchangani. Vigelegele vikalipuka. Limi alipiga makofi huku machozi yakimtoka.

"Mwalimu, ile ilikuwa nafasi yangu," alimwambia kocha aliyesimama kando yake.

"Ilikuwa yako," alijibu Mwalimu Deusdedit. "Ulidhani unailinda, kumbe ulikuwa unawalinda minyoo. Siku ile ungetufia, Limi. Mchezo huu unataka mwili wenye afya, na afya haitunzwi kwa kuficha. Ukipewa dawa, meza. Ukiumwa, sema mapema, hata kama kusema kutakukosesha kitu unachokipenda."

"Na msimu ujao, mwalimu?"

"Njoo ugombee kama wenzako. Ila ujue, Kudra hatakuachia kirahisi."

Limi alifuta machozi, akalitazama ziwa, akatamani msimu ujao ungekuwa kesho.