Mume Wangu Alimfuta Mama kwa Nyota

Mama yangu alizikwa mwaka jana. Leo asubuhi mume wangu amemfuta.

Nisikilizeni kwa utulivu, ndugu zangu.

Kazi yangu ni hifadhidata, yaani kupanga na kutunza kumbukumbu za kompyuta. Nyumbani nina seva ndogo, kompyuta ya kuhifadhia, chini ya ngazi. Inatunza ujumbe wa sauti wa simu yangu na ya mume wangu. Kila sauti ina ufunguo, yaani jina la kuitafutia: sauti, aliyetuma, wakati, namba.

Mama alikuwa muuguzi wa zamu za usiku. Alinisalimu kwa ujumbe wa sauti kila alfajiri akitoka kazini.

Binti yangu akasema, "Mama, niwekee sauti ya bibi."

Nikatafuta sauti:mama:*

Hiyo nyota maana yake ni "chochote".

Ukaja ufunguo mmoja. Awali zilikuwa mamia...

Nikamfuata mume wangu jikoni.

"Umegusa seva?"

"Nilisafisha kidogo. Ilikuwa imejaa."

"Haikuwa imefika hata nusu."

Akageukia sufuria.

"Ulifuta zipi?"

"Za alfajiri."

"Za nani?"

"Niliweka nyota pale pa jina la aliyetuma."

"Ulisoma orodha kabla ya kufuta?"

"Sikusoma."

"Si nilikufundisha? Tafuta, soma, ndipo ufute."

"Najua, mke wangu."

"Na nakala ya akiba?"

"Nimeifuta pia."

Hapo nikaelewa. Anayepunguza mzigo hafuti akiba.

"Nani mwingine anakutumia sauti alfajiri?"

"Yamekwisha, nakuapia. Ndiyo maana nikafuta."

"Kwa nini hukuandika jina lake?"

"Ungeliona. Amri zote unaziona wewe."

"Kwa hiyo ukaweka nyota. Mama yangu akawa chochote."

Binti yangu alipotufuata jikoni, nikaifungua ile sauti moja iliyobaki. Ilipona kwa sababu mama aliituma jioni.

"Mwanangu, mumeo amepita hapa, kanipandishia ndoo za maji hadi juu. Huyo hawezi kukuumiza. Haya, nawahi zamu."

Mume wangu akakaa chini, palepale sakafuni.

"Bibi anamsifu baba," binti yangu akasema.

"Ndiyo, mwanangu."

"Weka nyingine."

"Hakuna nyingine."

Wasomaji wangu, ukitaka kufuta kosa lako, litaje kwa jina lake. Ukiona aibu kulitaja, utafuta na ya watu wasiohusika.