Taulo Jekundu Kwenye Nguzo

Marehemu alilazwa mchangani, kafunikwa shuka. Kaptura yake ya kuogelea ilikuwa bado na karatasi ya bei. Maskini, alikuwa kainunua kwa ajili ya siku hiyo tu.

Inspekta alisimama kando yake, mikono kiunoni. Ufukwe ule watu waliuita beseni la watoto, maana mwamba uliuzunguka ukavunja mawimbi yote kule nje. Ndani maji yalitulia tuli. Palikuwa na pengo moja tu, ambapo mkondo ulitoka kwa kasi, na hapo ndipo iliposimama nguzo yenye kibao cha HATARI.

Leo nguzo ilikuwepo. Kibao hakikuwepo. Juu ya nguzo mtu alikuwa amefunga taulo jekundu.

"Nati nne zimefunguliwa kwa spana, afande," alisema Sajenti. "Alama za vidole hakuna."

"Mwizi gani huyu anaiba onyo, halafu anaacha onyo jingine?"

Mke wa marehemu alikuwa amekaa na wanawe wawili, macho makavu.

"Sisi tumetoka mbali, bahari tunaiona leo," alisema. "Baba yao akawaambia washindane mpaka kwenye kitambaa chekundu. Tulidhani kimewekwa kwa ajili ya michezo. Maji yalipowavuta, aliwasukuma wote wawili juu ya mwamba. Yeye akaenda nayo."

Hakuna mwenyeji hata mmoja pale ufukweni ambaye angedhani nyekundu ile ni ya michezo.

Mwokoaji wa ufukwe, ambaye kwa urefu wa mikono yake wote walimwita Pweza, alikuwa kibandani, kainamisha kichwa.

"Kibao ni kazi ya nani?"

"Yangu. Nakikagua kila asubuhi maji yakipwa."

"Leo ulikikagua?"

"Ndiyo."

"Ukaona nini?"

Pweza alinyoosha mikono yote miwili mbele, kama anayesubiri pingu.

"Nakuuliza, ukaona nini?"

"Niandike mimi, afande. Nifungeni, yaishe."

"Una watoto?"

"Watatu."

"Na unataka kwenda jela kwa kosa la mtu mwingine? Acha mchezo!"

"Mwanawe alinifia mikononi!" Pweza aliropoka, kisha akajiziba mdomo. Alikuwa amechelewa. Jicho lilikwishamponyoka kuelekea dirishani, kwa Mama Mataulo, aliyekodisha mataulo kwa waogeleaji. "Nilipoona taulo nikajua ni yeye. Nikasema litatosha."

Inspekta alimpelekea yule mama taulo lile likiwa bado linachuruzika maji.

"Ni lako?"

"Yangu yana namba kwenye kona."

"Hili kona yake imekatwa."

"Basi si langu."

"Haya. Pweza anapelekwa mahabusu sasa hivi."

Mama Mataulo alikaa chini kama aliyekatwa miguu.

"Pweza mwacheni. Kibao kipo chini ya kabati."

Sajenti alikivuta nje. Chini ya neno HATARI palikuwa na picha kubwa ya mtoto wa kiume anayecheka, hana meno ya mbele. ALIZAMA HAPA.

"Miaka minne wanasimama naye kupiga picha," alisema mama yake. "Wanacheka mapengo yake. Nimemwomba meneja aitoe hiyo picha mpaka nimechoka. Leo mwanangu angetimiza miaka kumi na moja. Nikasema leo tu, siku moja, asiwe maiti. Jioni ningemrudisha. Nikafunga taulo. Nani hajui nyekundu maana yake nini?" Akageuka, akawaona wale watoto, na hapo ndipo alipolia kwa sauti. "Nimewaulia baba yao, Mungu wangu! Nimewaulia baba yao!"

Sajenti alitoa pingu. Inspekta akatikisa kichwa. Kosa lingeandikwa lilivyo, kuua bila kukusudia, lakini pingu alizionea aibu.

Hapo meneja wa ufukwe akaja mbio, simu mkononi.

"Poleni sana, afande. Fundi yuko tayari na kibao kipya. Mngenisaidia picha ya marehemu? Nzuri, anayecheka. Watu maandishi hawasomi. Sura ndiyo inayowashtua."

Inspekta alimtazama. Labda alisema kweli, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Mkewe yule pale," alisema. "Nenda kamwombe mwenyewe, wanawe wakisikia."

Meneja aliwatazama wale watoto wawili, akairudisha simu mfukoni.