Alama Nyuma ya Kikausha Mikono

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Noela alisugua bafu la nyumba ya wageni ya mama yake, Scolastika, pale Mwakitolyo. Kazi hiyo haikuisha. Wachimbaji walirudi na vumbi mwili mzima, na makarasha ya kusagia mawe yaliingiza vumbi jingine kupitia dirishani.

Jumanne hiyo alikuwa akifuta kikausha mikono kipya, kilichofungwa ukutani kando ya sinki. Kidole kilipogusa bati lake, ganzi ilimpanda hadi kwenye kiwiko. Akarudi nyuma. Ndani ya kifaa kulisikika mlio mdogo, kama wa nyuki aliyefungiwa kwenye kopo.

Noela alijua kosa ni la nani. Wiki mbili nyuma walikuwa mjini Shinyanga. Mama alipokwenda kununua mashuka, alimwachia Noela achague kikausha mikono dukani kwa Hemal. Fundi wao wa umeme, Sostenes, alikuwa amesisitiza kiwe na alama IP65 nyuma yake. Kilikuwepo, cheupe, cha kawaida tu. Lakini Noela alivutiwa na kingine kilichong'aa kama kioo, kimeandikwa IP20.

"Hicho si cha bafuni, binti," Hemal alimwambia. "Mtakifunga wapi?"

"Ukumbini," Noela alijibu.

Mama aliporudi, Noela akamwambia ndicho alichotaka fundi. Kwa kuwa Sostenes alikuwa safarini Kharumwa, kilifungwa na fundi mwingine.

Sasa afanye nini? Akisema, uongo wake utajulikana. Akatoka bafuni kimya, akavaa sare. Alikuwa akifunga kamba za viatu aliposikia maji ya sinki yakifunguliwa. Nelly, mdogo wake wa miaka sita, alipenda sana kukausha mikono pale.

"Nelly, usiguse!"

Maji yaliendelea kumwagika. Noela akakimbia koridoni, akashusha meinswichi. Redio ya mama ikazimika. Alipofika bafuni, alimkuta Nelly mikono ikichuruzika, kiganja kikiwa juu ya bati.

"Dada, hakiwaki," Nelly alilalamika.

Noela akamvuta mbali na ukuta. Mama alipotokea kuuliza nani amezima umeme, alimweleza yote, tangu dukani. Mama alimkumbatia Nelly.

Mchana fundi Sostenes alikuja, akakifungua kifaa. Vumbi lililoingia lilikuwa limelowa, limekuwa tope kwenye nyaya.

"Tarakimu ya kwanza inahusu vumbi, ya pili maji," alieleza. "Sita, vumbi haliingii kabisa. Tano, hata kikirushiwa maji ya bomba hakidhuriki. Hiki chako kina mbili, kinazuia kidole kisifike kwenye umeme. Na sifuri?"

"Hakizuii maji hata kidogo," Noela alijibu, macho chini.

Jumamosi Noela alirudi dukani na mama yake, akamwomba Hemal radhi kwa mdomo wake mwenyewe. Wakachukua kile cheupe, na Sostenes akakifunga.

Jioni mama alimwita jikoni.

"Ng'wanone," alisema, kwa sauti ya chini, "mwanangu, kudanganya dukani lilikuwa kosa. Lakini ulipigwa shoti ukanyamaza, na Nelly angekufa kwa kimya chako. Ukikosea, sema mara moja. Nitakukaripia, ndiyo, lakini wote tutakuwa hai."