Betri ya Kushoto

Lori lilikataa kuwaka. Baba aligeuza ufunguo mara ya kwanza, likakohoa. Mara ya pili likaguna. Mara ya tatu halikusema kitu. Baba alishuka, akalipiga tairi teke, akaumia kidole, na hasira zikawa mbili.

Zilikuwa zimepita asubuhi kadhaa za namna hiyo. Lori lenyewe lilikuwa la jeshi, kuukuu, lililonunuliwa mnadani baada ya jeshi kulichoka. Mtaani walilibatiza Mstaafu. Baba alilifunga tangi mgongoni akapata kazi ya kupeleka maji mahali palipokuwa pakijengwa, nje ya mji. Kazi hiyo ndiyo iliyowalisha.

Mstaafu akigoma, Baba aliwagongea majirani milango ili waje kumsukuma mpaka kwenye mteremko. Mwanzoni walikuja wakicheka. Sasa walikuja wamenuna. Fundi cherehani wa nyumba ya pili, mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, alisukuma huku akiuliza kama hata vitani lilikuwa linakwenda kwa kusukumwa.

"Cheka tu," Baba alimjibu akihema. "Siku ya kuhama utakuja kuniomba."

"Nikihama na hili, ndugu yangu, nitafika nimeota mvi."

Binti yake, Chiriku, naye alisukuma, sare yake ya shule ikijaa vumbi. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu mdomo wake haukujua kituo. Siku hizo, hata hivyo, alikuwa kimya, na alikuwa na sababu.

Shangazi yake alikuwa amempa vifaranga kumi na wawili, wachanga wa kuhitaji joto. Mama aliruhusu wakae stoo kwa sharti moja: Chiriku mwenyewe aamke usiku kuongeza mkaa kwenye jiko la kuwapasha joto. Usiku wa kwanza aliamka. Usiku wa pili aliamka akilia. Usiku wa tatu akakumbuka balbu za taa za gari alizookota nje ya gereji.

Mstaafu alilala ubavuni mwa stoo, sanduku lake la betri likielekea dirishani. Betri zilikuwa mbili, zimeunganishwa ili nguvu zao zijumlishwe. Chiriku alipitisha nyaya dirishani na kuzibana kwenye betri zote mbili. Balbu ikawaka kama radi, ikapasuka. Ya pili akaibana kwenye betri moja tu, ile ya kushoto. Ikatulia, ikatoa joto zuri. Vifaranga wakaisogelea, naye akalala fofofo. Tangu hapo kila alfajiri aliwahi kuzichomoa nyaya kabla Baba hajaamka. Mama alipoona gunia la mkaa halipungui, alimsifu mbele ya wageni kwamba anajua kubana matumizi.

Lori lilipoanza kugoma, Chiriku alijiambia kwamba balbu ndogo kama yai haiwezi kulishinda gari lililobeba wanajeshi. Alijiambia hivyo kila asubuhi, na kila asubuhi aliamini kidogo kuliko jana.

Kisha msimamizi wa ujenzi akapiga simu. Mafundi wake walikuwa wanakaa bure kwa kukosa maji, na alikuwa amechoka kusikia habari za betri. Maji yakichelewa mara moja tena, kazi angempa mtu mwenye trekta. Baba alikwenda moja kwa moja kumwita fundi umeme wa magari.

Fundi alikuwa mtu mrefu asiyependa maneno. Aliinama chini ya lori, akatoka na uso wenye vumbi, akasema nyaya za zamani namna ile huvuja umeme gari likiwa limelala. Kuzibadilisha zote kungemaliza mwezi. Dawa ya haraka ilikuwa swichi ya kukata umeme wa betri. Alikata waya mnene unaotoka kwenye betri kwenda kwenye fremu ya lori, akaifunga swichi katikati yake, na juu yake ukakaa ufunguo mwekundu.

"Ukishazima injini, geuza huku," alimwambia Baba. "Lori zima linakatika umeme. Lakini injini ikiwa inaunguruma usiguse. Utaunguza altaneta inayochaji betri, halafu utasema ni mimi."

Baba aliomba aonyeshwe tena, na tena. Jioni aliugeuza ufunguo mwenyewe, akautia mfukoni, akapita kwa fundi cherehani kumwambia aitafutie mikono yake kazi nyingine.

Usiku ule Chiriku aliingia stoo akiomba balbu isiwake. Isingewaka, jambo lingekwisha lenyewe bila yeye kufungua mdomo. Lakini nyaya zake zilibanwa kwenye betri yenyewe. Hazikupitia kwenye swichi hata kidogo. Balbu iliwaka. Alisimama akiitazama. Kisha akaenda kulala.

Asubuhi Mstaafu hakukohoa wala kuguna.

Baba alimwita fundi, na fundi alipofika aliwakuta majirani wote barabarani. Baba alimwambia mbele yao kwamba amemuuzia takataka, kwamba ufunguo ule mwekundu ulifaa kuchezewa na watoto. Fundi alichukua mita yake ya kupimia umeme, akapima betri moja, akapima ya pili, akarudia.

"Hizi ni mapacha," alisema. "Hula pamoja, hushinda njaa pamoja. Ya kulia imeshiba, ya kushoto imekauka. Waya mbovu wa gari ungezikausha zote mbili. Hii moja kuna mtu anainyonya."

"Hapa pana familia yangu tu," Baba alisema. "Hapana mnyonyaji."

Akachukua spana, akaanza kuifungua swichi mwenyewe. Fundi cherehani alidakia kwamba hata yeye aliwahi kusikia mambo kuhusu fundi huyu, ingawa hakuwahi kusikia lolote. Watu wakaanza kunong'ona. Fundi umeme alikusanya vifaa vyake kimoja kimoja.

"Nimefanya kazi mtaa huu tangu sijaota ndevu," alisema taratibu. "Leo jioni nitaitwa tapeli. Kesho hakuna atakayeniita kabisa."

Chiriku alimwona akifunga mkoba. Akajipenyeza kati ya majirani mpaka mbele.

"Baba," alisema, "mnyonyaji ni mimi."

Aliwapeleka stoo, akawaonyesha balbu, nyaya na vifaranga. Baba alitazama kimoja baada ya kingine, akaketi kizingitini kama mtu aliyetua mzigo mahali pabaya. Simu yake ikaita, ni msimamizi wa ujenzi. Alisikiliza kwa muda mrefu, akasema "Nimekuelewa," akairudisha mfukoni.

Akainuka. Kwa kuwa alimtukana fundi barabarani, alirudi kumwomba radhi barabarani, mbele ya watu wale wale, na maneno yalimtoka kwa shida kama msumari uliopinda. Fundi alimpa mkono. Fundi cherehani alikumbuka ghafla kwamba ana nguo za mteja.

Ndipo Baba akamgeukia binti yake. Hakupaza sauti, alikuwa amechoka.

"Ungesema mkaa umekushinda, tungesaidiana. Mwanangu, ulikataa kuamka usiku kufanya kazi, ukakubali kuamka kila alfajiri kuficha nyaya. Usingizi uliupoteza vile vile. Uongo nao ni kazi ya kila siku, tena haina mshahara. Na kila asubuhi ulisimama nasi ukasukuma, huku unajua."

Chiriku alilia, akafuta machozi, akaenda nyumba kwa nyumba kuwaomba radhi waliosukuma.

Swichi ilifungwa tena mahali pake, maana haikuwa na kosa. Betri ya kushoto ilikuwa imeharibika kabisa, lakini zilinunuliwa mbili, kwa sababu fundi alisema mpya na kuukuu hazifungwi pamoja. Vifaranga wote kumi na wawili waliuzwa kuchangia, na bei yao haikufika robo ya betri moja. Kazi ya maji ilichukuliwa na mtu mwenye trekta, na mpaka leo anayo yeye.