Buti Chini ya Theluji

Kila asubuhi kabla ya saa mbili, Runa Eyolfson aliketi karibu na mlango wa nyuma, akavaa soksi, kisha mifuko ya plastiki ya mkate, kisha buti. Buti zilikuwa za kaka yake na zilikuwa zimepasuka kisigino. Bila ile mifuko, theluji ingeingia na vidole vingekufa ganzi kabla hajafika shuleni.

"Mama, leo nipe mifuko isiyo na maandishi."

"Mwanangu, mkate usio na maandishi hauuzwi. Vaa, unachelewa."

Mama yake alifanya kazi katika duka kubwa la vyakula hapo Gimli, mji mdogo wa Kanada. Ni yeye aliyebandika bei mpya kwenye rafu, kwa mikono yake mwenyewe, na kila zilipopanda, kitu fulani kilitoweka nyumbani kwao. Ilianza siagi. Ikafuata piza ya shuleni ya kila Ijumaa, kisha masomo ya kuteleza kwenye barafu, ambayo Runa aliyapenda kuliko chochote duniani. Mshahara wa baba ulikuwa palepale, kama uliopigwa misumari. Sasa hata joto la nyumba lilikuwa limepunguzwa, na chakula cha jioni kililiwa watu wakiwa wamevaa masweta.

Haya yote Runa angeyavumilia. Asichoweza kuvumilia kilikuwa buti za Ligaya.

Ligaya Pangilinan alikuwa rafiki yake tangu darasa la kwanza. Walikuwa wakienda shule pamoja kila siku, na wiki hiyo Ligaya alikuja na buti mpya za zambarau zenye manyoya shingoni. Runa alipoziona, roho ilimuuma kwelikweli. Alisema, "Nzuri," kwa sauti ya mtu anayemeza dawa chungu. Njia nzima hakuacha kuzitazama. Kwa nini yeye? Mama yake si anawahudumia wazee tu katika nyumba ya wazee? Wamezipata wapi?

Shuleni, kila mwanafunzi huvua buti ukumbini na kuvaa viatu vya ndani. Alhamisi hiyo Runa alivuta mguu, na mfuko wa mkate ukatoka nao ukichakarika. Brynn, msichana asiyepitwa na jambo, akapiga kelele:

"Jamani, mkate umefika! Nani ana siagi?"

Ukumbi mzima ulicheka, na Ligaya naye akacheka. Alijiziba mdomo haraka, lakini Runa alikuwa ameshamwona. Alichukia kicheko kile kuliko vicheko vingine vyote, na zile buti za zambarau, zilizopangwa vizuri ukutani, alizichukia zaidi.

Mchana, wakati wa somo la kusoma, aliomba ruhusa kwenda chooni. Hakwenda chooni. Alizichukua buti za Ligaya, akatoka kwa mlango wa nyuma bila hata koti, akazifukia katika tuta la theluji kando ya barabara. Mpango ulikuwa rahisi: Ligaya atafute, alie kidogo, kisha Runa "aziokote" na kushukuriwa. Alirudi darasani anatetemeka, na, tuseme ukweli, anafurahi.

Alikuwa amesahau jambo ambalo mtoto wa mji ule hapaswi kusahau. Theluji ya kando ya barabara haikai siku nyingi. Saa nane na nusu alisikia mngurumo nje. Akageuka dirishani na kuona mashine ya kusafisha barabara ikilila tuta lile polepole na kuitemea theluji ndani ya lori. Lori lilipojaa, likaondoka. Kalamu ilimdondoka.

Kengele ya mwisho ilipolia, Ligaya alizunguka ukumbi mara tatu. "Buti zangu ziko wapi? We Runa, umeziona?"

"Sijaziona," Runa alisema.

Mwalimu wao, Bi. Halldorson, alitafuta kila kona, kisha akampigia simu mama yake Ligaya. Nje baridi ilikuwa ya kutoa machozi. Mama huyo alifika kwa miguu, akihema, na Runa akamwamkia kama kawaida: "Tita Nena." Tita ndivyo Wafilipino wanavyomwita shangazi, na Runa alimwita hivyo tangu darasa la kwanza.

Tita Nena hakugomba. Aliketi kwenye benchi, akavua buti zake mwenyewe na kumvisha mwanawe. Kisha akatoa mkobani viatu vyepesi vya mpira vya kazini na kuanza kuvivaa.

"Mama, utaganda!" Ligaya alisema akilia.

"Nitatembea haraka. Baridi haitaniwahi."

Runa aliitazama ile miguu. Alihisi aibu ikimpanda mpaka masikioni, na maneno yakamtoka kabla hajayapanga.

"Ni mimi. Nilizificha kwenye theluji, na mashine imezichukua. Nilizionea wivu."

Ligaya alimtazama kama mtu asiyemjua. Runa alivua buti zake zilizopasuka, akamsogezea Tita Nena.

"Sitaki azivae," Ligaya akasema. "Sitaki kitu chako."

Bi. Halldorson aliwapeleka nyumbani kwa gari lake, wote watatu. Jioni alipiga simu kwa wasafisha barabara. Dereva wa lori alikumbuka vizuri: theluji ya mtaa ule aliimwaga mwisho kabisa, upande wa uzio, katika uwanja wa kutupia theluji nje ya mji.

Jumamosi asubuhi Runa na mama yake walifika na makoleo. Tita Nena alikuwa ameshafika na Ligaya, akiwa ametoka zamu ya usiku bila kulala. Walichimba saa mbili nzima. Mikono ya Runa ilitoka malengelenge ndani ya glavu, lakini hakuthubutu kupumzika. Mwishowe koleo lake liligonga kitu cha zambarau. Ya pili ilikuwa hatua tatu kando yake, imebonyea ila nzima.

Runa alizikung'uta theluji, na ndani ya ncha ya buti yakatoka magazeti yaliyokunjwa.

"Ya nini haya?"

Ligaya alitazama chini. "Ni kubwa mno. Mama amenunua za kuvaa miaka mitatu. Najaza magazeti zisinivuke."

"Na mwaka huu hatukumpelekea bibi yake sanduku la Krismasi kule kwetu," Tita Nena aliongeza. "Mara ya kwanza tangu tuhame."

Runa alishindwa kuinua macho. "Nisamehe, Ligaya."

"Nimekusamehe." Ligaya alivuta makamasi. "Lakini bado nimekukasirikia. Mpaka Jumatano."

"Jumatano?"

"Jumatano. Na mimi sikupaswa kucheka siku ile."

Mama yake Runa aliegemea koleo. "Kosa jingine ni letu sisi wakubwa. Tunapunguza hiki na kile kimyakimya, kila nyumba na mlango wake umefungwa, na watoto wanadhani shida imewakuta wao tu. Lakini Runa, Jumatatu utasimama mbele ya darasa useme ulichofanya. Umenielewa?"

"Ndiyo, Mama."

Tita Nena alimfuta Runa theluji begani. "Sikia, mwanangu. Wivu hukuonyesha kile mwenzako alichopata, haukuonyeshi alichoacha ili akipate. Siku nyingine ukituonea wivu, njoo nyumbani uniulize tumeacha nini. Nitakutajia mpaka uniombe ninyamaze."